Kusoma nyayo za wanyama asubuhi

Nenda mapema, jua likiwa bado chini. Mwanga wa pembeni hutia kivuli ndani ya unyayo na kuuonyesha vizuri. Saa sita mchana unyayo huohuo huonekana kama umefutika. Chutama alama ikiwa kati yako na jua. Tope la ukingoni mwa maji ndilo bora kuliko yote. Mchanga mkavu huporomoka na kupanua alama, kwa hiyo usiamini vipimo vyake.

Anza na kucha. Mbwa, mbweha na fisi huacha vitobo vya kucha mbele ya vidole. Chui na simba huzificha wanapotembea. Duma ndiye anayewachanganya wengi: ni jamii ya paka, lakini kucha zake huonekana. Hapo tazama ukingo wa nyuma wa kitako cha unyayo, yaani ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Wa jamii ya paka una mapindo matatu, wa mbwa una mawili.

Pima urefu na upana bila kujumlisha kucha. Weka rula kando, kisha piga picha kutoka juu kabisa, maana picha ya mshazari hupotosha umbo. Fuata hatua kadhaa, usiishie kwenye moja: mguu wa nyuma mara nyingi hukanyaga alama ya mbele, ukadhani mnyama ana vidole sita.

Kingo zikiwa bado kali na tope la ndani linang'aa, mnyama hayuko mbali. Kama ni simba au chui, rudi ulikotoka, taratibu, bila kukimbia.