Kumtambua buibui mrukaji: rangi iache mpaka mwisho

Juzi rafiki alinitumia picha ya buibui wa ukutani, anataka jina. Tulihangaika jioni nzima kwa sababu ya hatua ya tatu.

1. Mfunike kwa glasi, mtie kwenye friji dakika chache atulie.

2. Tazama uso. Macho ni manane, na mawili ya mbele katikati ni makubwa kama taa za gari. Ukiona "sisimizi" mwenye macho hayo, hesabu miguu: ikiwa minane, huenda ni Myrmarachne, buibui mrukaji anayeiga sisimizi kwa kuinua miguu ya mbele ikaonekana kama vile vipembe vya kichwani ambavyo sisimizi hupapasia.

3. Je, amekomaa? Angalia vipapasio, vile viungo vifupi viwili kando ya mdomo. Dume mzima ncha zake zimevimba, utadhani kavaa glavu za ndondi. Zikiwa nyembamba, ni jike au mtoto. Mgeuze umwone kupitia kitako cha glasi. Jike mzima ana kibamba kigumu, cheusicheusi, chini ya tumbo karibu na kiuno. Hana? Ni mtoto, na watoto wa spishi nyingi wanafanana mno. Ila kuna mtego: dume aliyebakiza kujivua gamba mara moja naye huvimba ncha, lakini ni laini, hazina mikunjo wala miiba. Mimi nilimpa jina mmoja wa hivyo baada ya kupekua vitabu kwa saa tatu. Siku chache baadaye akajivua, akatoka na rangi nyingine kabisa.

4. Sasa rangi. Zima flashi, inafuta rangi za nywele. Mimi natumia lenzi ya kukuza mara 10. Programu za simu siziamini kwa wadudu wadogo namna hii (ndiyo, najua buibui si mdudu). Majumbani anza na watatu hawa:
- Plexippus paykulli: dume mweusi, mstari mweupe mpana katikati, kichwani hadi tumboni.
- Menemerus bivittatus: bapa, kijivu; dume ana mstari mweusi mgongoni, jike anayo ubavuni.
- Hasarius adansoni: dume mdogo mweusi, mwezi mchanga mweupe mwanzoni mwa tumbo, vipapasio vyenye nywele nyeupe.

5. Hafanani na hao? Familia hii ina spishi zaidi ya 6,000, na nyingi hutenganishwa kwa hadubini, kwa umbo la kipapasio cha dume au kibamba cha jike. Andika jenasi (jina la kwanza kati ya yale mawili, kama Plexippus), uishie hapo, umrudishe ukutani kwake.