Nyaya za USB-C: kichwa kimoja, kazi tofauti

Ukiona kuhamisha video kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta kunachukua milele, usikimbilie kulaumu simu. Angalia waya kwanza. Nyaya nyingi za USB-C zinazokuja ndani ya boksi la simu zimetengenezwa hasa kwa kuchajia. Data zinaipitisha kwa kasi ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde, kiwango cha tangu mwaka 2000. Mwingine wenye kichwa kilekile unapitisha gigabiti 10 au hata 40 (gigabiti moja ni megabiti 1,000). Kwa macho mara nyingi huwezi kuzitofautisha, na huo kwangu ni uzembe wa waliopanga viwango.

Kwenye umeme ni vilevile: kuna wa wati 60 na wa wati 240, kwa hiyo laptopu kubwa inaweza kuchaji kwa kusuasua wakati chaja ni nzima kabisa.

Tundu la simu nalo lina ukomo wake. iPhone 15 ya kawaida inaishia megabiti 480 hata ukiichomekea waya wa bei mbaya.

Ukinunua waya mzuri, bandika kikaratasi karibu na kichwa, uandike "10G, 240W", kabla haujachanganyika na wenzake kwenye droo.