Mlango wa gari ukiganda: anza na mpira, si tundu la ufunguo

Rimoti inaitika, taa zinamweka, vitasa unavisikia vikifunguka, lakini mlango haubanduki. Hapo usikihangaikie kitasa. Kilichoganda ni mpira unaozunguka mlango. Jana theluji ya juu ya paa iliyeyuka kwa joto la hita, maji yakachuruzika hadi kwenye mpira, na usiku yakashika kama gundi. Minneapolis ya Marekani au Edmonton ya Kanada, ambako nyuzi -20 za Selsiasi usiku wa Januari hazimshangazi mtu, hii ndiyo shida inayokuja mara nyingi kuliko zote. Anayeivamia kwa kuvuta huondoka na mkono wa mlango kiganjani.

Usivute, sukuma. Weka kiganja au nyonga karibu na ukingo wa mlango, kandamiza kwa uzito wa mwili, achia, kisha songa kidogo na urudie mpaka umezunguka kingo zote. Barafu ikiminywa hupasuka, na utaisikia ikitatarika. Ondoa iliyobaki kwenye mwanya kwa kikwangulio cha plastiki, si kwa kisu wala bisibisi, maana mpira ukichanika maji yatapata njia ya kudumu. Ukikwama, jaribu milango mingine na buti. Mara nyingi upande uliokingwa na upepo huwa huru. Ukishaingia, washa hita na uusukume mlango wa dereva kwa bega kutoka ndani, ila kwanza zunguka nyuma uone bomba la moshi halijafukiwa na theluji. Gesi yake inaua kimyakimya.

Maji ya moto yaache jikoni. Kioo kilichopoa sana hupasuka kikimwagiwa, na kisipopasuka, maji hayohayo huingia mpirani na kitasani, yakaganda upya kabla hujafika kazini.

Kwenye magari ambayo kioo cha mlango hakina fremu, kioo hushuka kidogo ndipo mlango ufunguke. Kikiwa kimeganda, kukazana na mkono wa mlango kunaweza kuharibu mtambo wa kukishusha. Yeyusha ukingo wake wa juu kwanza.

Ikiwa rimoti ndiyo iliyozimika, huenda betri yake imezidiwa na baridi. Ibane kwapani dakika chache, ujaribu tena. Ikishindikana, rimoti nyingi zina ufunguo wa chuma uliofichwa ndani, na tundu lake huwa chini ya kifuniko kidogo kwenye mkono wa mlango. Tundu hilo halijaguswa tangu gari linunuliwe, kwa hiyo siku unayolihitaji ndiyo siku utakayolikuta limejaa barafu.

Ufunguo usipoingia, au ukiingia bila kuzunguka, tumia dawa ya kuyeyushia barafu ya vitasa, ile ya kichupa chenye mdomo mwembamba. Ingiza mdomo kwenye tundu, bonyeza sekunde 1 au 2, subiri dakika moja, kisha ingiza ufunguo na uzungushe taratibu. Rudia mara mbili tatu ikibidi. Huna dawa? Lowesha ufunguo kwa spiriti ya isopropili, ambayo huganda kwenye nyuzi -89 hivi, au upake jeli ya kutakasia mikono yenye alkoholi. Ufunguo mtupu wa chuma unaweza kupashwa kwa kiberiti cha gesi ukiwa umeushika kwa koleo, lakini wenye kichwa cha plastiki mara nyingi una chipu ndani, na chipu ikiungua gari haliwaki. Na moto usiusogeze kabisa mahali uliponyunyizia dawa au spiriti. Kupuliza tunduni kwa mdomo nako hakufai, kwani pumzi ina unyevu. Ufunguo ukigoma, acha. Ukikatikia ndani, kazi hiyo ni ya fundi wa vitasa.

Kuna balaa la tatu: mlango umefunguka, sasa haufungi, unadunda na kurudi. Tazama ulimi wa kitasa kwenye ubavu wa mlango. Ukiwa umeganda katika hali ya kufungwa, vuta mkono wa mlango huku ukiusukuma ulimi kwa bisibisi hadi uachie. Nyunyiza dawa, uchezeshe mara kumi hivi, ndipo ufunge. Usiendeshe gari mlango ukiwa umefungwa kwa kamba.

Maandalizi hufanywa vuli, kabla jalidi ya kwanza haijaanguka. Safisha mipira yote kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, kisha pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya silikoni, tabaka jembamba tu, na urudie kila wiki 4 hadi 6. Vaselini na grisi za petroli huufanya mpira wa aina hii uvimbe na kulegea. Kwenye tundu la ufunguo puliza unga kidogo wa grafiti, uingize na kutoa ufunguo mara kadhaa. Usiuchanganye na mafuta, utageuka tope. Zibua pia vitobo vya kutolea maji chini ya milango kwa kijiti.

Dawa ya vitasa iwe mfukoni mwa koti au nyumbani. Wengi huihifadhi ndani ya gari, palepale wasipoweza kufika. Na gari lisioshwe baridi ikiwa chini ya sifuri. Likibidi kuoshwa, fungua milango yote, kausha mipira kwa taulo, kisha fungua na ufunge kila mlango mara kadhaa wakati gari linapoa.