Jinsi ya kufanya oski kwa simu na wanafunzi wa uuguzi, hata neti ya Lamu ikizingua

Wenzangu mnaofundisha uuguzi, kama bado mwasahihisha oski (OSCE, mtihani wa vitendo ambao mwanafunzi apita stesheni moja moja, kila stesheni na kazi yake) kwa karatasi poleni sana. Mimi nilifanya hivyo miaka, makaratasi yanalala kabatini, mwanafunzi aambulia alama 62 na hajui alikosea wapi, kisha yuaenda wadini na kosa lake lile lile. Huu mtihani wa stesheni stesheni Ronald Harden, mwalimu wa udaktari, na wenzake kule Dundee, Scotland, waliuandikia tangu 1975, shida si mtihani, shida ni vile twatumia majibu yake.

Anza na programu. Mara ya kwanza tulichukua fomu inayotaka neti muda wote, stima ikapotea katikati, ruta ikafa, wanafunzi wamevaa glavu watuangalia tu. Sai natumia KoboCollect, programu ya simu ya kujaza fomu, wajaza bila neti, ikipatikana wazituma. Simu zichajiwe usiku.

Kazi kubwa ni cheklisti, hapa usiwe mvivu. Usiandike "amepima presha vizuri", kila mtahini ataielewa kivyake. Ikatekate: mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono uko usawa wa moyo, kafu (ule mkanda wa presha wa mkononi) iko kwa ngozi si juu ya nguo, hewa yatoka taratibu 2 mpaka 3 mmHg kwa sekunde. Kumpumzisha mgonjwa dakika 5 mwanafunzi aseme tu kwa mdomo maana stesheni yenyewe ni dakika 8. Na huku kwetu ongeza mstari huu: amesalimia, amefunga pazia, ameomba ruhusa kabla kupandisha mkono wa buibui. Kijana anaemvuta bibi wa watu nguo bila hata "samahani bibi" mimi simpi hiyo alama hata kama presha ameipata sawa. Acha pia nafasi ya mtahini kuandika maneno mawili matatu.

Siku yenyewe ni rahisi, wanafunzi 8 stesheni 8, mtahini mmoja kila stesheni, kengele moja wote wahama, na dakika moja ya kuhama mwamaliza kwa saa moja na dakika 12.

Sasa majibu yakishaingia usikimbilie jumla. Soma kila mstari kwa darasa zima. Akikosa mmoja muite pembeni, wakikosa wengi ujue ni wewe hukufundisha. Mimi niligundua karibu wote wavaa glavu bila kusafisha mikono, nami nilikuwa nawaonyesha hivyo hivyo kwa haraka zangu, aibu tupu, ikabidi turudi kusugua mikono kwa spiriti sekunde 20 mpaka 30 wote pamoja.

Waonyeshe wiki hiyo hiyo kabla hawajasahau, wape wiki mbili wafanye mazoezi, halafu rudia stesheni kwa cheklisti ile ile. Ila mgonjwa wa kuigiza mbadilishe, mara hii leta mzee asiyesikia vizuri.