Modemu za masafa mafupi: zifunge mezani kwanza

Mara nyingi naitwa kazi ikiwa imeshaharibika. Kebo imevutwa, mtaro umefukiwa, kila modemu, yaani kifaa cha kupeleka data kwa waya kutoka jengo moja hadi jingine, imekazwa ukutani kwenye jengo lake, na data haipiti. Mafundi wawili wamesimama mita mia nane kutoka kwa mwenzake, simu sikioni: "Umeona kitu?" "Sijaona." "Na sasa?" Hapo hakuna anayejua kama ubaya uko kwenye modemu, kwenye kebo, kwenye kompyuta au kwenye programu, kwa sababu vyote viliwashwa kwa mara moja.

Kwa hiyo nasema mapema kabisa: kabla hujagusa kebo, weka modemu zote mbili juu ya meza moja, ziunge kwa vipande vya waya vya nusu mita, uzione zikizungumza. Zikishazungumza mezani, chochote kitakachokusumbua baadaye kiko njiani.

Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. RS-232, kiwango cha mawasiliano ya siriali (biti moja baada ya nyingine) kilichoanza mwaka 1960, hupima volti ya kila waya dhidi ya waya mmoja wa pamoja. Kwa muda mrefu urefu uliopendekezwa ulikuwa mita 15 hivi. Watu huvuka kiasi hicho wakipunguza kasi, lakini ukitoka jengo moja kwenda jingine, ethi (miunganisho ya ardhini) za majengo hayo hazilingani volti, na ule waya wa pamoja hugeuka njia ya umeme usiotakiwa. Modemu ya masafa mafupi huichukua ishara hiyo na kuipeleka kwenye jozi ya nyaya zilizosokotwa, na upande wa pili husomwa tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo mbili. Kelele ikiingia, huingia kwenye zote mbili karibu sawasawa, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Nyingi zina transfoma ndogo kwenye laini, ambayo hutenga ethi za pande mbili. Modemu hii haipigi namba na haipiti kwenye mitambo ya simu. Inataka waya wa shaba pekee kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikodi jozi kwa kampuni ya simu, hakikisha haina zile koili zinazowekwa njiani kusaidia sauti, maana hukata mawimbi yaliyo juu ya hezi 3,400 hivi. Mtu atasikika vizuri kabisa kwenye jozi hiyo, modemu yako isipitishe kitu.

Sasa turudi mezani, na tuanze na mita ya kupimia umeme. Kwenye soketi ya pini 9, pini ya 5 ndiyo ya pamoja. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye pini ya 5, ncha nyekundu kwenye pini ya 3, halafu kwenye pini ya 2. Pini inayotuma, ikiwa imetulia bila data, huonyesha volti hasi, aghalabu kati ya hasi 5 na hasi 12. Pini inayosubiri kupokea hukaa karibu na sifuri. Kompyuta hutuma kwa pini ya 3, kwa hiyo hasi utaiona hapo. Hiyo ndiyo DTE, upande wa kompyuta. Modemu iliyowekwa upande wa DCE, yaani upande wa kifaa cha mawasiliano, hutuma kwa pini ya 2. Ukiona hasi pini ya 3 upande mmoja na pini ya 2 upande mwingine, kebo iliyonyooka inatosha. Ukiona zote mbili zina hasi kwenye pini ileile, zinapigiana kelele mdomoni: geuza swichi ya DTE/DCE kwenye modemu, au tumia kebo inayovuka, inayobadilishana nyaya za kutuma na kupokea. Kwenye soketi kubwa ya pini 25 namba hubadilika, kompyuta hutuma kwa pini ya 2, hupokea kwa pini ya 3, na ya pamoja ni ya 7. Kipimo hiki ni cha dakika moja, nami sijawahi kukiruka tangu nilipokijua.

Kama modemu yako haina adapta ya umeme, ujue inakula kutoka kwenye soketi yenyewe, kwenye TXD (waya wa kutuma data), RTS na DTR (nyaya ambazo kompyuta huzitumia kusema iko tayari). Ukiiunga kwa nyaya tatu tu inakaa na njaa: inafanya kazi kwenye waya mfupi, inazimia kwenye waya mrefu. Pitisha nyaya zote, na kwenye programu washa DTR na RTS. Viunganishi vingine vya USB kwenda RS-232 hutoa volti ndogo, na hapo mimi natumia modemu yenye adapta bila kubishana.

Upande wa laini, unga TX (kutuma) ya modemu moja na RX (kupokea) ya nyingine, kwa pande zote mbili. Fungua programu ya terminali, ile ya kuandika na kusoma herufi za siriali, kila upande, andika, usome upande wa pili.

Hapo ndipo kasi na biti zinapojitokeza. Herufi zikija takataka tupu, kasi hazilingani. Lakini ipo dalili nyingine ninayoipenda kwa sababu inajieleza yenyewe. Kifaa kikituma biti 7 na pariti shufwa (biti ya ziada inayofanya idadi ya moja iwe shufwa), nawe unasoma biti 8 bila pariti, tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zitafika salama, na 1, 2, 4, 7 na 8 zitafika zimeharibika. Usikimbilie kulaumu waya. Waya mbovu hauchagui tarakimu.

Kuhusu kasi, usiwe na tamaa. Mwaka mmoja nilifunga modemu kati ya mizani ya malori na ofisi. Mizani ilikuwa ikituma mstari wa herufi 20 mara kumi kwa sekunde. Kila herufi, ukihesabu biti ya kuanza na ya kumaliza, ni biti 10, kwa hiyo jumla ni biti 2,000 kwa sekunde. Baudi 2400, yaani hapa biti 2,400 kwa sekunde, zilitosha, na kadiri kasi inavyoshuka ndivyo modemu hizi zinavyokwenda mbali na kuvumilia kelele. Aliyenitangulia alikuwa ameweka 19,200 bila sababu yoyote.

Kazi hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha habari ya jozi. Kila waya niliupima, ulifika. Taa ya DCD, inayoonyesha kuwa ishara ya modemu ya pili inafika, iliwaka pande zote. Uzito ulisomeka vizuri, ila kila karani alipotuma amri kutoka ofisini, herufi mbili tatu za uzito ziliharibika. Siku nzima nilihangaika na programu. Jioni nikafungua kasha la upande wa mizani, nikachubua ganda la kebo sentimita kumi zaidi, nikatazama msokoto wenyewe kwa tochi. Bluu ilikuwa imesokotwa na nyeupe yenye mstari wa bluu, chungwa na nyeupe yenye mstari wa chungwa. Aliyefunga alikuwa ametumia bluu na chungwa kama jozi ya kutuma, na zile nyeupe mbili kama jozi ya kupokea, pande zote mbili vilevile. Mita haiwezi kuliona kosa hilo, kwa sababu kila waya umefika unakotakiwa. Lakini msokoto umekuwa hauna kazi, na kinachotumwa kinavujia kwenye kinachopokelewa. Nilibadilisha nyaya mbili kila upande, nikakaza skurubu, nikamwambia karani atume amri mfululizo. Hakuna herufi iliyoharibika tena.

Kwa hiyo ukifika kwenye kebo, fuata msokoto, usifuate urahisi wa mpangilio wa skurubu. Usifungue msokoto zaidi ya inavyohitajika kufikia skurubu. Usilaze kebo hiyo pamoja na nyaya za umeme wa mota. Ganda la chuma, kama lipo, liunge na ethi upande mmoja tu. Na kebo ikitoka nje ya jengo, weka vizuia radi miisho yote miwili. Ile transfoma ndogo ya ndani haitakuokoa na radi.

Kabla ya kupachika modemu ya mbali, nenda mwisho wa kebo uunge jozi ya kutuma na jozi ya kupokea, waya kwa waya. Rudi kwenye modemu ya kwanza, zima mwangwi wa programu (ule wa kujionyeshea unachoandika), andika. Unachoandika lazima kirudi. Ishara hapo imesafiri kwenda na kurudi, mara mbili ya umbali halisi, kwa hiyo ikirudi safi una akiba nzuri. Kisha ondoa kitanzi, pachika modemu ya pili. Taa ya DCD ikiwaka upande mmoja tu, tayari unajua jozi ipi ya kuifuata: ile inayoingia upande ambao taa haijawaka.

Wanaotumia mawasiliano ya sinkronasi, ambayo pande zote mbili hufuata mapigo ya saa moja, wana jambo moja la ziada, saa hiyo. Modemu moja iwe na saa ya ndani, nyingine ifuate saa inayoipokea kutoka kwenye laini. Zote mbili zikiwa na saa ya ndani, data itapita, kisha makosa yatakuja kwa vipindi, na utayatafuta kwenye kebo bila kuyapata.

Mwisho, acha data ipite usiku kucha, na uhesabu makosa asubuhi, mota zikishawashwa. Ukiridhika, andika kwenye kibandiko kasi, biti, pariti, mahali swichi ya DTE/DCE ilipo, na rangi za jozi ya kutuma na ya kupokea. Kimoja kikae ndani ya mlango wa kasha la upande huu, kingine upande wa pili, kwa wino usiofutika.