SOMO: Kutuma SMS za madeni otomatiki bila kugombana na wateja

Wakuu, inbox yangu imejaa swali moja, "nataka mfumo uwakumbushe wadaiwa wenyewe, naanzia wapi?" Naandika hapa, kesho ukiniuliza nakutumia linki. Ni kwa duka lililokua, wateja wa mkopo wamekuwa wengi hadi daftari limeshindwa. Unahitaji Google Sheets (majedwali ya mtandaoni ya Google), Apps Script (sehemu ya kuandika skripti, yaani programu ndogo, ndani ya Sheets) na akaunti ya bulk SMS (huduma ya kutuma SMS nyingi kwa mpigo).

1. Kaa na anayeshika daftari, akueleze anavyofanya kweli, sio bosi anavyodhani.

2. Kila deni mstari wake: jina, simu, kiasi, tarehe ya kulipa. Namba anza na 255, ukianza na 0 Sheets inaila hiyo sifuri.

3. Weka triga ya kila siku, yaani saa ambayo skripti inajiwasha yenyewe na kutuma SMS.

4. HAPA TULIENI. Kuna duka la jumla nililisaidia Kariakoo, SMS zilikuwa zinatoka asubuhi wakati malipo ya jana keshia anayaingiza mchana, kwahiyo watu waliolipa jana yake wakadaiwa upya na wengine wakahamia duka la jirani. Skripti haikuwa na kosa hata moja! Basi malipo yaingie kwanza, keshia aweke tiki ya "nimefunga jana", tiki haipo hakuna SMS inayotoka. Na kila SMS ikitoka skripti iandike tarehe kwenye mstari uleule hapohapo, isisubiri imalize wote, na mwenye tarehe ya leo imruke, maana Apps Script inakatwa ikifika dakika 6, ukiiwasha tena inaanza juu na wa mwanzo wanapata mara mbili. Wiki ya kwanza SMS zote zije kwenye simu yako tu.

5. Chagua mtu mmoja wa kuusimamia mfumo, ajulikane kwa jina ni nani.

MASWALI

Bosi_Mtarajiwa: Mkuu nitumie hiyo skripti nipesti tu
— Umesoma hatua ya 4? Daftari lako silijui, siwezi kukupa kitu cha kuwadai wateja wako.

KingKoba: Si ununue tu programu ya uhasibu yaishe
— Nunua. Malipo ya jana yasipoingizwa nayo itamdai aliyelipa.

MamaVitenge: Samahani kaka, kwangu dereva ndo anakusanya hela mtaani, anarudi usiku keshia kashaondoka. Hapo inakuwaje?
— Swali zuri sana dada. Mtengenezee Google Form (fomu ya mtandaoni) kwenye simu yake: mteja, kiasi, namba ya muamala au "keshi". Ajaze palepale mbele ya mteja. Zinaingia karatasi yake peke yake, asubuhi keshia analinganisha na hela mkononi ndo anaweka tiki. Usimruhusu dereva kugusa karatasi ya madeni yenyewe, hiyo inamlinda hata yeye siku hela ikipungua.

MamaVitenge: Asante, na triga nimeweka saa 2 inatuma saa 2 na nusu
— Kawaida, inachagua dakika yoyote ndani ya saa hiyo. Ila angalia majira ya saa (time zone) kwenye mipangilio ya mradi wa Apps Script.

Fundi_Tegeta: Niongezee, jina la duka kutokea kwenye SMS linahitaji idhini, ombeni mapema.
— Kweli kabisa, na SMS ikizidi herufi 160 unalipia mbili, kwahiyo salamu ndefu punguzeni.