Mtoto anapoanza shule Marekani bila Kiingereza: fomu, mitihani na haki za mzazi

Katika rundo la karatasi unazopewa siku ya kumwandikisha mtoto kwenye shule ya umma Marekani, kati ya kadi ya chanjo na uthibitisho wa anwani, kuna karatasi fupi yenye maswali matatu hivi kuhusu lugha. Mtoto alianza kusema kwa lugha gani? Yeye mwenyewe hutumia lugha gani zaidi? Nyumbani mnazungumza nini? Wazazi wengi huijaza haraka, wamesimama kaunta, mtoto mdogo analia mgongoni. Lakini karatasi hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atapimwa Kiingereza, na kama atapata mwalimu wa kumsaidia au atakaa darasani akitazama midomo ya watu.

Mwongozo huu ni wa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili, hasa familia za Kongo zilizopitia kambi kama Nyarugusu kule Kigoma au Kakuma kule Turkana, na ndugu wanaowasindikiza shuleni.

Fomu ya lugha

Kosa la kwanza ni kuandika Kiingereza kwa hofu. Mzazi anadhani mtoto atarudishwa nyuma, au jina lake litapelekwa kwa watu wa uhamiaji. Fomu hii haina kazi hiyo. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1982, katika kesi ya Plyler na Doe, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Ukiandika Kiingereza peke yake, hakuna atakayempima, na msaada anaostahili utachelewa hadi mwalimu agundue mwenyewe, pengine baada ya miezi.

Kosa la pili ni kuandika Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayojulikana na wageni, huku nyumbani mnazungumza Kibembe, Kifuliiru, Mashi au Kinyarwanda. Hapo shule italeta mkalimani asiye wako, na siku mtoto akihitaji kupimwa kwa undani, atapimwa kwa lugha ambayo si yake. Andika lugha zote, ukianza na ile mtoto aliyonyonya nayo. Swali la lugha ambayo wewe mzazi unataka kuandikiwa barua ni swali jingine kabisa. Barua za shule mara nyingi hutafsiriwa kwa Kiswahili sanifu cha Tanzania na Kenya. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akiona zinamchanganya, au kama kusoma kwenyewe ni kazi, aseme anataka kupigiwa simu kwa mkalimani. Sentensi moja ya Kiingereza inatosha kuanzia: *I need a Swahili interpreter, please* (nahitaji mkalimani wa Kiswahili, tafadhali). Usimkubalie mtu atakayemtaka mtoto wako akutafsirie. Mtoto hawezi kubeba mambo ya alama zake mwenyewe, na wakalimani wa shule hulipwa na shule, si na mzazi.

Pamoja na fomu hiyo, toa historia ya masomo ya mtoto bila aibu: alisoma madarasa mangapi, kwa lugha gani, na alikosa miaka mingapi njiani. Mtoto aliyesoma hadi darasa la sita kwa Kifaransa, kwa mtaala wa Kongo ndani ya kambi, anahitaji Kiingereza. Yule wa miaka kumi na miwili ambaye hajawahi kushika kalamu anahitaji Kiingereza na kujifunza kusoma kwenyewe, na wilaya nyingi za elimu zina darasa la wageni kwa watoto wa namna hiyo. Usipoeleza, wote wawili watawekwa pamoja. Kagua pia tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikiwa Januari 1 kwa sababu afisa hakuwa na tarehe kamili, na wakati mwingine hata mwaka umekosewa. Hilo huwaumiza zaidi vijana wa sekondari, kwa kuwa kila jimbo lina umri wa mwisho wa kusoma bure. Kijana mwenye vyeti vya zamani avipeleke kwa mshauri wa shule mapema, aulize ni krediti ngapi zitatambuliwa, yaani alama za masomo aliyomaliza zinazohesabiwa ili apate cheti cha sekondari.

Mtihani wa kupima

Fomu ikionyesha lugha nyingine, shule inatakiwa kumpima mtoto ndani ya siku 30 tangu aandikishwe. Jina la mtihani hutegemea jimbo. Majimbo mengi, yakiwemo Kentucky, Michigan na Maine, yamo katika WIDA, muungano wa majimbo yanayotumia mitihani ya pamoja. California ina ELPAC, New York ina NYSITELL, Arizona ina AZELLA. Yote hupima stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika.

Huu si mtihani wa kukaririshwa usiku kucha. Mtoto akipata alama ya juu kwa kubahatisha, atanyimwa msaada anaouhitaji. Lakini kuna mambo yanayomshusha chini ya uwezo wake wa kweli, na hayo yafaa kuzuiwa. Malezi yetu humfundisha mtoto kumjibu mkubwa kwa maneno machache, kwa sauti ya chini, macho yakitazama chini. Nyumbani hiyo ni adabu. Kwenye mtihani, hasa pale anapozungumza na kompyuta kupitia maikrofoni ya masikioni, sauti ya chini hainaswi vizuri, na jibu la neno moja hupata alama ya neno moja. Mwambie waziwazi: leo sema kwa sauti, sema sentensi nzima, ukikosea endelea. Mtoto ambaye hajawahi kutumia kompyuta aombewe mazoezi ya kipanya na kibodi kabla ya siku yenyewe. Uliza pia kama anaweza kupimwa kwa karatasi.

Baada ya hapo subiri barua. Sheria ya shirikisho inataka mzazi ajulishwe ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze. Kwa mtoto aliyefika katikati ya mwaka ni ndani ya wiki 2 tangu awekwe kwenye programu ya kumsaidia Kiingereza. Barua inapaswa kueleza kwa nini mtoto ametambuliwa, yuko kiwango gani, atafundishwa kwa njia ipi, atatoka kwenye programu akifikia nini, na kwamba mzazi ana haki ya kukataa. Humo utaona herufi EL, ELL au ML. Zote zina maana ya mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, na hazisemi lolote kuhusu akili yake.

Msaada unaopaswa kuuona kwa macho

Mwaka 1974, katika kesi ya Lau na Nichols iliyotoka San Francisco, Mahakama Kuu iliangalia watoto wa Kichina waliokuwa wakikaa darasani bila kuelewa. Ikasema kuwapa vitabu vilevile na mwalimu yuleyule wa wenzao si usawa kama hawaelewi kinachofundishwa. Kwa hiyo ukiambiwa "hapa tunawafundisha wote sawasawa", hilo si jibu. Hukumu nyingine ya mahakama ya rufaa, ya mwaka 1981, iliweka kipimo ambacho bado kinatumika: programu iwe na msingi wa kitaalamu, ipewe walimu na vifaa vya kutosha, na ionekane inazaa matunda. Isipozaa, ibadilishwe.

Njia ni kadhaa. Mwalimu wa ESL, yaani Kiingereza kama lugha ya pili, anaweza kumtoa mtoto darasani na kumfundisha na wachache wenzake, au kuingia darasani na kufundisha bega kwa bega na mwalimu wa somo. Pia mwalimu wa sayansi au hisabati anaweza kufundisha somo lake kwa picha, maneno yaliyoteuliwa na sentensi zilizoanzishwa ambazo mtoto anazimalizia. Madarasa ya lugha mbili yapo, ila mengi ni ya Kihispania.

Kwenye mkutano na mwalimu, uliza kwa nambari. Mtoto anapata dakika ngapi kwa wiki? Anayemfundisha ana leseni ya ESL, au ni msaidizi tu? Anatolewa wakati wa somo gani? Swali la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Mtoto anayetolewa kila siku wakati wa hisabati atajua Kiingereza na kuachwa nyuma kwenye hesabu. Kwa maoni yetu, anayeanza kabisa apate muda wake mfupi na mwalimu wa ESL kila siku, na saa nyingine zote mwalimu huyo amfuate darasani. Kuwa mwangalifu pia na programu ya kutafsiri kwenye kompyuta. Inafaa wiki za mwanzo, lakini mtoto anayetafsiriwa kila sentensi mwaka mzima hupata majibu bila kupata lugha.

Miezi ya mwanzo huenda asiseme kitu shuleni. Anakusanya maneno. Ukimya huo ni wa kawaida, mradi anafuata maelekezo na anaelewa zaidi kila mwezi.

Kukataa huduma unaruhusiwa, ila mtoto ataendelea kuhesabiwa EL na kupimwa kila mwaka. Kinachoondoka ni mwalimu. Hatuoni faida yake mara nyingi. Kama tatizo ni ratiba, omba ratiba ibadilishwe.

Kusoma matokeo ya kila mwaka

Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Mtoto anazungumza Kiingereza kama wa mtaani, anamsahihisha hata baba yake, halafu karatasi inasema bado. Katika mtihani wa WIDA wa kila mwaka, unaoitwa ACCESS na kufanywa katikati ya mwaka wa shule, kiwango huanzia 1.0 hadi 6.0. Alama ya jumla haigawanywi sawa: kusoma ni asilimia 35, kuandika 35, kusikiliza 15 na kuzungumza 15. Yaani asilimia 70 iko kwenye kitabu na kalamu. Kiingereza cha uwanjani mtoto hukipata kwa mwaka mmodi au miwili. Kile cha kueleza kwa nini jaribio la sayansi limetoa matokeo fulani huchukua kwa kawaida miaka mitano hadi saba.

Kwa hiyo usitazame alama ya jumla peke yake. Tazama zile nne, na uweke karatasi ya mwaka jana kando ya ya mwaka huu. Kama kuandika kumesimama kwenye 3 kwa miaka miwili, hilo ndilo la kumuuliza mwalimu: anaandika aya ngapi kwa wiki, na nani anazisahihisha naye? Alama ya kutokea kwenye programu huwekwa na jimbo, na aliyefaulu katika jimbo moja anaweza kuwa bado katika jingine. Iowa na Ohio, zinazotumia mtihani wa ELPA21 au mwingine uliojengwa juu yake, zina utaratibu tofauti: kila stadi hupewa 1 hadi 5, na mtoto lazima apate 4 au 5 kwenye zote. Stadi moja tu ikishuka, anabaki.

Kiswahili kinapodhaniwa kuwa ulemavu

Mtoto anayemwita mama yake *he* hajachanganyikiwa. "Alikuja" yetu hubeba mama na baba bila kubagua. Anaacha *the* na *a* kwa kuwa hatuna maneno ya namna hiyo. Anaongeza irabu mwishoni mwa neno kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, na anaweza kubadilisha l na r, kwa kuwa lugha kadhaa za Kibantu hazizitenganishi sana. Aliyejua kusoma Kiswahili atasoma *name* kama na-me, maana kwetu neno husomwa lilivyoandikwa. Akiulizwa shule inaanza lini atasema *two o'clock*, naye anamaanisha saa mbili asubuhi.

Mwalimu asiyeyajua haya anaweza kumpendekeza kwa elimu maalumu. Mweleze. Sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inakataza mtoto kuhesabiwa mwenye ulemavu ikiwa sababu kubwa ni kutojua Kiingereza, na inataka apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana. Usitie saini ya kukubali upimaji kabla hujaelezwa na mkalimani. Upande wa pili nao upo: kama hata kwa lugha ya nyumbani mtoto alichelewa kusema, hafuati hadithi, au hakumbuki maagizo mawili, sema. Asiambiwe asubiri kwanza Kiingereza. Mtoto anaweza kupata ESL na elimu maalumu kwa pamoja, na moja haimzuii kupata nyingine.

Nyumbani, na baada ya kutoka

Ukishauriwa uzungumze Kiingereza na mtoto nyumbani hali hukijui vizuri, kataa kwa upole. Mtoto anayesikia hadithi ndefu, sababu na maelezo kwa Kiswahili au Kibembe anajenga uwezo uleule atakaouhamishia kwenye Kiingereza. Dakika 15 za kusoma au kusimuliana kila usiku zinatosha. Mwulize "kwa nini" na "ingekuwaje kama", usiishie kwenye "ulifanya nini leo". Akifika sekondari ya juu, aulizie muhuri wa lugha mbili unaobandikwa kwenye cheti. Majimbo yanao, na Kiswahili kinaweza kumpatia.

Siku akifikia alama ya kutokea, shule inapaswa kuendelea kumfuatilia, kwa kawaida angalau miaka miwili. Wengi huyumba darasa la sita au la tisa, vitabu vinapokuwa vizito ghafla. Ukiona alama zinashuka masomo mawili au zaidi, andika barua fupi yenye tarehe kuomba aangaliwe upya kwa upande wa lugha, na ubaki na nakala. Ombi la mdomo husahaulika, lakini lenye tarehe hujibiwa. Iweke kwenye bahasha moja na fomu ya kwanza na matokeo ya kila mwaka, na mkihamia jimbo jingine, bahasha hiyo iwe mkononi mwako.